Feni za kompyuta: hewa iingie wapi, itoke wapi?

Nina saiba hapa Kondele, Kisumu. Kompyuta moja inazimika yenyewe kila mchana ingawa nimeiongezea feni tatu mpya. Shida iko wapi?

Usinunue ya nne kwanza. Angalia hizo tatu zimeelekea wapi. Upande wa feni ambao mapanga yake yako wazi ndio unaovuta hewa. Upande wenye vijiti vya plastiki vilivyoshika mota ndio unaoitoa. Feni nyingine zina vishale viwili ubavuni: kimoja cha mzunguko, kingine cha upepo. Kama hamna, washa kompyuta, kisha sogeza kipande cha tishu kwenye wavu kwa nje. Kikinata, feni inaingiza hewa, kikisukumwa, inatoa.

Zikiwa zote zinatoa, au zote zinaingiza, zinashindana bure. Weka mbili mbele ziingize hewa, na moja nyuma, sehemu ya juu, itoe. Hapo upepo utapita juu ya kadi ya grafiki na prosesa kabla ya kutoka. Halafu isogeze kompyuta mbali na ukuta, maana hewa moto ikigonga ukuta hurudi ndani. Na mchana Kisumu chumba kikifika nyuzi 30, hakuna feni itakayoshusha joto la prosesa chini ya hapo, kwa hivyo fungua madirisha pia. Ukishapanga hivyo na bado inazimika, fundi aangalie feni ya prosesa yenyewe na pawa saplai.

Naishi Nakuru. Si niondoe tu kifuniko cha ubavuni?

Kwa kupima, sawa. Joto likishuka sana ukikiondoa, ujue hewa ilikuwa haina njia. Kisha kirudishe! Vumbi la Nakuru unalijua. Bora feni za kuingiza ziwe na nguvu kuliko za kutoa, na ziwekewe chujio. Hewa ikizidi ndani hujisukuma nje kupitia kila mwanya, na vumbi jingi hubaki kwenye chujio, ambalo unaliosha na kulikausha. Ukifanya kinyume, kompyuta itavuta vumbi hadi kwenye matundu ya USB.

Wale wadudu wa ziwani wamejaa kwenye feni. Nipulize na blowa?

Ndiyo, lakini chomoa umeme kwanza, na uyashike mapanga kwa kidole. Ukiyaacha yazunguke kwa kasi ya blowa, beringi zinaweza kuharibika. Usiku wadudu hao hufuata taa, basi usiweke kompyuta chini ya balbu karibu na dirisha lililo wazi.

Niko Kakamega. Feni ya pini nne itafanya kazi kwenye soketi ya feni ya pini tatu iliyo ndani ya kompyuta?

Itazunguka. Pini ya nne hupeleka amri ya kasi tu, kwa hivyo huenda ikazunguka kwa kasi yake yote na kupiga kelele. Kama kasha lako lina nafasi, chukua feni yenye upana wa milimita 140 badala ya 120: hupitisha hewa ileile kwa mzunguko wa polepole.