Usiiuze Probox yako kwa bei ya kutupa

Dada, gari lako la Toyota Probox la manyuali (la kubadilisha gia kwa mkono) kukaa miezi mitatu yadini, pale wanapouzia magari Ngong Road, bila mnunuzi kusikutishe, hata dalali akikuhimiza ushushe bei. Nairobi imehamia otomatiki, magari yanayobadilisha gia yenyewe: magari mengi ya mitumba hutoka Japani, ambako otomatiki ndiyo kawaida, na foleni ya Mombasa Road ukiwa umekanyaga klachi inachosha mno.

Lakini Probox ya manyuali ina watu wake, wanaobeba mboga na mizigo. Itoe yadini, ubandike tangazo kiooni, uipitishe soko la Marikiti asubuhi. Kwanza mwite fundi aikague klachi. Wanunuzi hao huvuta hendibreki, huweka gia ya tatu, kisha huachia klachi polepole. Injini isipozima, klachi inateleza, na hapo bei itashuka kweli.