Umeshusha gari ya kila siku? Springi zilikuwa mwanzo tu

Kama umeshusha gari ikae karibu na ardhi na ndio hiyo hiyo unaendea kazini na kupeleka watoto shule, leo kabla hujalala chukua tochi, tandika gunia nyuma ya gari, lala chini uzipapase tairi za nyuma kwa upande wa ndani, ule ambao ukisimama huuoni. Mimi nilifanya hivyo miezi mitatu na nusu baada ya kushusha na nikachomwa kidole. Kwa nje tairi ilikuwa nzima, mistari yote ipo, lakini ndani palikuwa pameliwa ukanda wa upana wa vidole viwili, raba imekwisha na nyuzi za waya zimechomoza. Na jana yake nilikuwa nimebeba mke wangu na watoto wawili mpaka Watamu na kurudi, tena jioni mvua inanyesha. Usiku ule sikulala vizuri wallahi.

Gari ni Subaru Impreza hachibeki. Naishi Malindi, kazi iko Watamu, kwa hivyo kila siku nashuka Msabaha, Gede, nakata kushoto, jioni narudi, na hapo katikati kuna matuta na kuna lori za mawe. Nilinunua springi fupi zinazoshusha kama milimita 35, fundi akazifunga kwa zile zile shoki za zamani, nikapiga picha pale Casuarina nikafurahi. Alaimenti, yani kupima na kurekebisha pembe za tairi, nikasema nitafanya mwisho wa mwezi. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote, manake mwisho wa mwezi ukafika na ada ya shule ikafika nao.

Nikwambie kwanza kilichokula tairi, kwa sababu watu wengi wanalaumu kitu sicho. Ukishusha gari tairi zinainamia ndani kwa juu, hiyo inaitwa kemba, na kweli inachangia. Lakini muuaji mwenyewe ni toi, yani tairi kutazama nje au ndani badala ya kutazama mbele, manake mikono ya chini ya gari, vile vyuma vinavyounganisha tairi na bodi, ikibadilisha pembe na toi inabadilika. Yangu ya nyuma ilipopimwa kila tairi ilikuwa inatazama nje kwa milimita 2 hivi kwenye ukingo wa rimu ya inchi 16. Mtu atasema milimita 2 ni nini? Piga hesabu, ni kama kuburuzwa pembeni karibu mita 5 kwa kila kilomita unayoenda. Mimi kwenda na kurudi kazini ni kilomita arobaini na kitu. Hata sufuria ukiisugua ivo kila siku itatoboka.

Kwa hivyo kitu cha kwanza ni alaimenti, na si siku ile ile, acha springi zikae wiki moja au mbili zitulie halafu upime, lakini usivuke hapo. Na uombe karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Wakikwambia "iko sawa" bila karatasi, toka utafute pengine hata kama ni kushuka Mombasa, ukilinganisha na bei ya tairi mbili mafuta ya Mombasa ni kidogo.

Shoki sasa. Shoki ya kiwandani imepimiwa springi ndefu. Ukiiweka springi fupi na ngumu, ile fimbo yake inakaa imezama muda wote, nafasi ya kushuka zaidi imebaki chache, kila tuta inagonga raba ya mwisho na springi inarudi juu kwa nguvu kuliko shoki inavyoweza kuishika. Utaisikia, gari inapita tuta halafu inaruka ruka mara mbili tatu kama dau kwenye mawimbi ya kusi. Zangu zilianza kuvuja mafuta mwezi wa nne baada ya kushusha. Kama pesa ni ya kitu kimoja tu, nunua shoki zilizotengenezwa kwa gari iliyoshushwa kabla hujanunua kitu kingine chochote cha kupendeza. Na zile raba za mwisho usiruhusu mtu azitupe ati gari ishuke zaidi, kama maelezo ya springi yanasema zikatwe zikate kwa kipimo hicho hicho, zinazuia chuma kugongana na chuma.

Koilova je? Ni nzuri, unapata shoki na springi zilizopatana na unachagua kimo. Ila sisi tuko pwani. Zile nyuzi za skrubu za kupandisha na kushusha zikikaa na mchanga na chumvi ya bahari zinaganda kwa kutu, nimeona seti isiyofika mwaka mmoja inayohitaji nyundo. Ukinunua, safisha nyuzi na uzipake grisi kila baada ya miezi michache, uzivalishe kifuniko cha raba kama kipo. Mimi nilibaki na springi na shoki nzuri na sijuti.

Na kukata springi kwa grainda, tafadhali usifanye. Springi ikipunguzwa mizunguko inakuwa ngumu zaidi, shoki ile ile ndio itabeba adhabu, na gari ikiinuka tairi likining'inia springi inaweza kulegea itoke kwenye kikalio chake. Kuipasha moto ilegee ndio mbaya zaidi, chuma kinapoteza nguvu yake kabisa.

Baada ya shoki nilikuja kwa mikono ya nyuma, ile ya kurekebishika urefu. Impreza yangu mbele ina bolti ya kiwandani ya kurekebisha kemba, kwa hivyo mbele tulipata kipimo bila kununua kitu, lakini nyuma kemba haina pa kurekebisha mpaka ubadilishe mikono. Hapa lazima ujue gari yako. Jirani yangu ana Fielder, nyuma yake ni boriti moja, huwezi kuirekebisha ivo hata ufanye nini, na yeye alikuwa tayari ametajiwa bei ya mikono ambayo gari yake haina mahali pa kuifunga. Uliza kabla hujatoa pesa.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Gari ikiwa kimo cha kiwandani mkono wa chini wa mbele huwa unateremka kidogo kuelekea tairi. Ukishusha unalala sawa na barabara au unaanza kupanda. Ikifika hapo, ile nukta ambayo bodi inazunguka kwenye kona inashuka haraka kuliko bodi yenyewe ilivyoshuka, matokeo yake gari iko chini lakini inalala kwenye kona kuliko zamani. Nilikuwa nashangaa kabisa. Na tai rodi, ile fimbo ya kutoka usukani kwenda tairi, nayo ikiwa pembe mbaya, ukipita shimo kwa upande mmoja usukani unavutwa mkononi. Dawa yake ni boljointi (kiungo cha mwisho wa mkono, pale tairi inapokatia kona) zenye shingo ndefu zinazorudisha ile pembe, na zikiwekwa lazima na ncha za tai rodi zishushwe sawa nazo, ukiweka moja bila nyingine umehamisha tatizo tu. Pia hakikisha zinaenea ndani ya rimu yako bila kugusa. Kwa milimita 35 mimi niliona tofauti kubwa, kwa milimita 20 sidhani ungehitaji.

Linki za stabilaiza, ile fimbo inayopunguza gari kulala kwenye kona, niliweka za kurekebishika, ni kitu rahisi, zinaondoa ile kong kong ya stabilaiza iliyokaa upande. Bushi, zile raba za kwenye viungo vya mikono, nilijaribu za poliyurethini (plastiki ngumu) mbele nikazitoa. Zinashika usukani vizuri sana, lakini mchanga wetu ukiingia zinalia kama mlango wa zamani kila asubuhi, na gari ya familia haihitaji kutetemeshwa ivo. Nilirudisha raba mpya ya kiwandani, nimeridhika.

Sasa nisikilize hapa, manake hili liliniuma. Fundi wa kwanza alikaza bolti zote za mikono gari ikiwa juu ya jeki, tairi zinaning'inia. Bushi ya raba imeshikana na chuma ndani na nje, haizunguki, inajipinda. Ukiikaza gari ikiwa inaning'inia halafu ukaishusha, raba inakaa imepindwa masaa 24, na kila tuta inapindwa zaidi. Zangu mbili zilichanika ndani ya miezi miwili. Simama hapo hapo gereji, mwambie kwa heshima: fundi wangu, hizi naomba tuzikaze gari ikiwa imekanyaga. Pandisha tairi zote nne juu ya mbao nene ili spana ienee chini, bonyeza gari mara kadhaa itulie, ndio ukaze. Fundi mzuri hatakasirika. Ninayemtumia sasa alikuwa anafanya hivyo kabla sijafungua mdomo.

Na uende umejiandaa kwa kutu. Gari iliyoishi pwani bolti zake zimeoana na bushi, hasa zile za kurekebisha alaimenti nyuma. Zangu mbili zilikataa kabisa zikakatwa kwa msumeno, na dukani hazikuwepo, gari ikalala gereji siku tano. Nunua bolti na nati mpya mapema, na usiku wa kuamkia kazi zimwagie mafuta ya kulegeza kutu. Kila baada ya wiki mbili naosha gari kwa chini, kwa maji ya mfereji au ya mvua, si ya kisima, visima vingi vya huku maji yake yana chumvi utakuwa unajipaka kutu mwenyewe.

Taa pia, kimo kikibadilika mwanga unabadilika. Pima kwenye ukuta jioni, ni kazi ya bisibisi.

Nilipomaliza nilirudi kukagua bolti zote baada ya kilomita 500, moja ya linki ilikuwa imelegea robo mzunguko. Msimu wa embe nilipakia magunia mawili ya ngowe kutoka Mambrui na watu wanne ndani, nikapita matuta ya Gede polepole, haikugusa, haikuruka. Tairi za sasa zina miezi kumi na moja. Jana nililala tena kwenye gunia na tochi, nikapapasa ndani nikapapasa nje, mistari inalingana.