Kidole gumba, usingizi na lithiamu: kwa wanaoanza kuandaa wagonjwa wa bipola kwa tiba ya sumaku

Ukianza kazi ya afya ya akili Malindi au Lamu, hutachelewa kuulizwa swali hili: jamaa wamesikia kuna mashine ya sumaku inayotibu huzuni, wanataka kujua kama kijana wao atafaa. Usikimbilie barua ya rufaa. Keti na mgonjwa, kisha keti na mtu anayelala naye nyumba moja, uulize habari za miaka iliyopita. Mgonjwa wa bipola, ugonjwa unaompandisha mtu juu kupita kiasi na kumshusha kwenye huzuni nzito, akija kliniki huja akiwa chini. Zile siku alizokuwa juu hakuziona kuwa ugonjwa, aliona amepona. Ukimuuliza kama amewahi kuwa na wazimu, atakataa, na ataona umemvunjia heshima. Uliza hivi: "Kuna wakati ulikaa siku nne, tano, au wiki nzima, usingizi mchache na nguvu tele, maneno yanakimbiana, pesa zinatoka, mpaka watu wa nyumbani wakakushangaa?" Siku nne mfululizo zatosha kukufanya ushuku bipola aina ya pili, ile ambayo kupanda kwake hakufiki mania. Wiki moja ya hali kali, au siku zisizofika wiki lakini zilizomfanya alazwe, hiyo ni mania.

Jihadhari pia na saa za Kiswahili. Ukiandika kwenye faili "alilala saa nane", atakayesoma hatajua kama alipata usingizi wa muda wa saa nane, ambalo ni jambo jema, au alipanda kitandani saa nane za usiku, ambalo kwa mgonjwa huyu ni onyo. Andika: alilala saa nne usiku, akaamka saa kumi na moja alfajiri, jumla saa 7. Kosa hili ni dogo machoni lakini limo katika mafaili mengi, na ndilo linaloficha mwanzo wa mania.

Mashine yenyewe si ngeni. Mwaka 1985, Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake walionyesha kwamba koili, yaani waya uliozungushwa unaotoa mapigo ya sumaku, ikiwekwa juu ya kichwa yaweza kuuamsha ubongo na kumtikisa mtu mkono bila kufungua fuvu. Marekani iliiruhusu kutibu sonona, yaani huzuni ya ugonjwa, mwaka 2008, kwa watu ambao dawa haikuwasaidia, na ruhusa ile haikuwa ya bipola. Tafiti za sonona ya bipola ni chache, nyingi ni ndogo, na majibu yake hayalingani. Mmoja wa Kanada, uliochapishwa 2021 na uliotumia njia ya mikupuo mifupi (mapigo ya haraka yanayotoka kwa mafungu mafupi), ulisimamishwa baada ya washiriki 37 kwa sababu waliopata mapigo ya kweli hawakuwapita waliopata ya kuigiza. Jamaa wana haki ya kuambiwa hivyo kabla hawajauza mbuzi au kuchangisha nauli.

Msimamo wetu basi ni huu: kwa bipola, sumaku huongezwa juu ya dawa ya kutuliza mihemko, na mgonjwa asiye na dawa hiyo asipelekwe. Kabla ya kukubali kwamba dawa zimeshindwa, hesabu dozi na wiki. Kwetiapini, mojawapo ya dawa za bipola, hutakiwa kufika kama miligramu 300 usiku. Mgonjwa aliyekaa kwenye 50 kwa mwezi amepewa usingizi tu. Lamotrijini, nyingine ya bipola, hupandishwa polepole, miligramu 25 kwa siku kwa wiki mbili, 50 kwa wiki mbili, ndipo iendelee kuelekea 200. Akiwa anatumia pia valproeti, dawa nyingine ya kutuliza mihemko, kasi hiyo ipunguzwe nusu, la sivyo unamkaribisha upele unaoweza kuua. Na akiwa anameza dawa ya sonona peke yake bila ya kutuliza mihemko, shughulikia hilo kwanza. Wengine hupata nafuu hapo na safari haihitajiki tena.

Wako pia wasiopaswa kungojea mashine. Anayesema amepanga kujiua, asiyekula wala kunywa, anayesikia sauti zikimwamrisha, huyo alazwe leo. Sumaku huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, na tiba ya shoti ya umeme chini ya usingizi wa nusukaputi hufanya kazi upesi zaidi. Muulize kwa maneno yaliyo wazi: "Umefikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo.

Lithiamu, nayo dawa ya kutuliza mihemko, ndiyo inayotuchosha zaidi hapa pwani, kwa sababu ya jua: maji yakipungua mwilini, lithiamu hupanda kwenye damu. Damu ipimwe saa 12 baada ya kidonge cha mwisho, na angalau siku tano hadi saba baada ya kubadilisha dozi. Tunalenga milimoli 0.6 hadi 0.8 kwa lita. Ikipita 1.5, fikiria sumu. Sasa tazama mkononi chupa unayojaza damu: ile ya kifuniko cha kijani mara nyingi ina heparini ya lithiamu. Ukiitumia, maabara itapima lithiamu ya mgonjwa pamoja na lithiamu ya chupa, majibu yatarudi juu, na mtu aliyekuwa sawa atapunguziwa dawa. Tumia chupa kavu ya kifuniko chekundu. Muulize pia anameza nini kwa maumivu, kwani ibuprofeni na diklofenaki za duka la dawa hupandisha lithiamu, na baadhi ya dawa za presha hali kadhalika. Mvuvi au mpagazi anayetoka jasho mchana kutwa na kuharisha siku mbili anaweza kulewa lithiamu kwa dozi ileile aliyoizoea: mikono inatetemeka sana, anayumba, ulimi mzito, anatapika. Watu wa nyumbani watadhani amekunywa pombe.

Ukifika kwenye chumba cha mashine, jifunze kidole gumba kabla ya kitu kingine. Kila mtu ana kizingiti chake, yaani nguvu ndogo kabisa ya pigo inayofanya kidole gumba cha mkono wa kulia kuruka mara 5 kati ya mapigo 10, koili ikiwa upande wa kushoto wa kichwa. Mkono uwekwe juu ya mto, umelegea kabisa. Mgonjwa akikaza misuli, kizingiti kitaonekana cha chini kuliko kilivyo. Piga pigo moja moja, ukiachia sekunde tano au zaidi kati yake. Tafuta kwanza mahali panaporusha gumba vizuri, ndipo ushushe nguvu. Wageni wengi hushusha nguvu kabla hawajapata mahali, wakaishia na namba kubwa isiyo ya kweli.

Kizingiti kikiwa asilimia 50 ya nguvu za mashine, tiba ya kawaida hutolewa kwa asilimia 120 ya kizingiti hicho, yaani 60. Kikiwa 85, hesabu inatoa 102, na mashine haina nguvu hiyo. Usijaribu kuziba pengo kwa kuongeza idadi ya mapigo, mwite daktari. Njia ya zamani kwa upande wa kushoto ni mapigo 10 kwa sekunde, sekunde 4 za mapigo na 26 za mapumziko, mara 75. Hayo ni mapigo 3000 kwa dakika 37 na nusu. Njia ya mikupuo mifupi hutoa mapigo 600 kwa dakika tatu na sekunde chache. Zote ni siku tano kwa wiki, wiki nne hadi sita.

Mahali pa kutibia ni mbele ya pale palipomrusha kidole. Kanuni ya kusogeza koili sentimita 5 mbele ni rahisi ila kwa mwenye kichwa kikubwa humwacha nyuma mno. Afadhali kupima kwa utepe: sikio hadi sikio, kati ya macho hadi kisogoni, na mzunguko wa kichwa, kisha kupata alama ya F3, jina la sehemu ya mbele kushoto ya kichwa. Weka alama kwenye kofia ya kitambaa ya mgonjwa mwenyewe, na kila siku hakikisha kofia imeketi palepale.

Kwa mama zetu na dada zetu, yako mambo ambayo vitabu havikuyaandika. Pini za ushungi ni chuma. Ziondolewe zote, hata ile ndogo ya chini ya kidevu, pamoja na herini na kipini, na chumba kiwe na mhudumu wa kike na mlango unaofungwa ili mama avue ushungi kwa amani. Misuko minene na nywele za kuongezea huinua koili mbali na ngozi, na nguvu ya sumaku hupungua haraka mno kwa kila milimita. Mjulishe wiki moja kabla ili asuke chini chini. Kuhusu chuma kilicho ndani ya kichwa, uliza mara mbili: klipu ya mshipa, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, vipande vya risasi. Meno yaliyozibwa kwa kawaida hayazuii. Vizibo vya masikio ni kwa mgonjwa na kwako wewe pia, kwa sababu mlio wa koili hupita desibeli 100.

Koili hupata moto, na katika joto letu hupata moto mapema zaidi, kisha mashine hujizima katikati ya kipindi. Chumba kipozwe kabla ya mgonjwa wa kwanza. Stima ikipotea, andika idadi ya mapigo yaliyokwisha kutoka, uzime swichi kabla haijarudi, kwani umeme ukirudi kwa kishindo ndio unaoua vifaa. Kipindi kikiendelea siku ileile, maliza mapigo yaliyobaki, usianze upya.

Tukio linaloogopwa ni kifafa, ingawa ni nadra, chini ya mtu mmoja kwa kila elfu. Kuzimia huonekana zaidi, hasa siku ya kwanza, mgonjwa akiwa na njaa na hofu. Aliyezimia hupauka, hutoka jasho, huanguka akalegea, na akilazwa miguu juu huzinduka mara. Mwenye kifafa hukakamaa, hutikisika kwa mpangilio, na huamka amechanganyikiwa. Ondoa koili, mlaze ubavu, tazama saa. Mara nyingi hukoma kwa dakika moja au mbili. Ikifika dakika tano, ni diazepamu ya mshipa, au dawa nyingine ya dharura mliyo nayo, na daktari aitwe.

Hatari huongezwa na kukesha, kuacha pombe ghafla, dawa ya maumivu iitwayo tramadoli, na miraa inayomfanya mtu asilale. Uliza kila asubuhi, bila kuhukumu. Na dawa zikibadilika, pima kizingiti upya. Mfano unaotutia hofu ni kabamazepini, dawa ya kifafa itumiwayo pia kwa bipola: hupandisha kizingiti, na mgonjwa akiiacha kimya kimya wiki ya pili kwa sababu ya kizunguzungu, nguvu uliyoipanga wiki ya kwanza sasa imemzidi.

Kupanda kuelekea mania huanza kwa furaha, nayo hudanganya kila mtu. Wiki ya tatu mgonjwa anaingia akicheka, amelala muda wa saa 4 na hajachoka, ana mpango wa kununua dau. Jamaa wanamshukuru Mungu. Wewe simamisha kipindi cha siku hiyo, jaza fomu ya kupima mania, mpigie daktari. Ndiyo maana mahali pa kulala panahesabika kama sehemu ya matibabu. Anayetoka Lamu huvuka Mokowe, hupanda basi, na hushukia kwa ndugu; uliza kama nyumba ile ina harusi wiki hiyo. Usianze tiba karibu na Maulidi ya Lamu kwa mtu atakayekesha. Ramadhani nayo hubadilisha kila kitu kwa pamoja, usingizi wa daku, maji, saa za vidonge. Koili haiingizi kitu tumboni wala mwilini. Hukumu ya saumu yake aende kwa shehe wake, nawe ueleze wazi hatari ya lithiamu mwilini mwa mtu asiyekunywa maji.

Wazee wakisema ni jini, usibishane nao. Mwambie mama wa mgonjwa kwamba kisomo na matibabu vinaweza kwenda sambamba, mradi hakuna kukesha, kufunga kwa nguvu, wala kuacha vidonge.

Akimaliza, barua anayorudi nayo iwe na haya: kizingiti cha mwanzo na cha mwisho, asilimia iliyotumika, idadi ya vipindi na mapigo, upande wa kichwa, alama za sonona na za mania wiki kwa wiki, kila dawa na dozi yake, na lithiamu ya mwisho pamoja na tarehe na saa ya kutoa damu. Muuguzi wa kisiwani atakayeipokea amwone baada ya wiki moja, kisha kila wiki mbili, na swali lake la kwanza liwe mgonjwa alilala saa ngapi na kuamka saa ngapi.