Ukipiga Ogani, Mkono wa Kushoto Una Kazi Nyingine

Kwa muda mrefu nilipiga utangulizi wa wimbo "A Whiter Shade of Pale" wa Procol Harum nikiwa na noti zote sahihi, na kila tulipomaliza mazoezi mpiga besi wetu alinirudia na neno lilelile: "Kinanda chako hakipumui." Nikabadilisha sauti za kiwandani moja baada ya nyingine. Nikanunua programu mbili. Nikaongeza mwangwi. Kinanda kikaendelea kukosa pumzi.

Kilichonifumbua macho ni siku nilipoketi kwa mara ya kwanza mbele ya Hammond halisi, ogani ya umeme, iliyounganishwa na Leslie, spika yake inayozunguka. Nilishindilia kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kwa nguvu, kama mtu aliyelelewa na piano, na sauti haikuongezeka hata chembe.

Hammond haijali umebonyeza kwa nguvu kiasi gani. Ndani ya modeli ya B-3 kuna magurudumu 91 ya chuma yanayozunguka muda wote karibu na sumaku zenye koili, na kibonye chako ni swichi tu ya kuruhusu sauti ipite. Anayepandisha na kushusha sauti ni mguu, kwenye kanyagio. Kwa hiyo kama utachukua ushauri mmoja tu kwangu, chukua huu: ingia kwenye mipangilio ya kinanda chako, zima usikivu wa nguvu ya vidole, ondoa kanyagio la kurefusha noti, na mahali pake uweke kanyagio la sauti. Siku za mwanzo utahisi umenyang'anywa kitu, kwa sababu noti inakatika mara tu kidole kinapoinuka. Vumilia. Utajifunza kubadilishana vidole juu ya kibonye kimoja bila kukiachia, na mstari utaanza kuungana kama mtu anayeimba.

Ule mstari wa utangulizi aliopiga Matthew Fisher, mpiga ogani wa Procol Harum, mwaka 1967 umejengwa juu ya kuungana huko. Wala usiuchukulie kama pambo la wimbo. Mwaka 2009 Baraza la Malodi la Uingereza lilithibitisha haki ya Fisher kama mtunzi mwenza, miongo minne baada ya wimbo kutoka, na sababu ni ile sehemu yake ya ogani. Nafurahi kila nikikumbuka hukumu ile.

Sasa huo mkono wa kushoto. Spika ya Leslie ina honi inayozunguka juu kwa sauti nyembamba, na pipa linalozunguka chini kwa sauti nzito. Kuna mwendo wa polepole na mwendo wa kasi, na mkono wa kushoto ndio unaobadilisha kwa swichi. Honi ni nyepesi, inashika kasi upesi, pipa linachelewa. Utamu wote umo katika zile sekunde chache ambazo viwili hivi havijakubaliana. Ukiacha swichi kwenye kasi kuanzia mwanzo hadi mwisho, unazitupa sekunde hizo. Mimi hukaa polepole kwenye ubeti, kisha nashikilia noti ya mwisho kabla ya kiitikio na kusukuma swichi juu ya noti hiyohiyo. Mpiga besi alikuwa wa kwanza kugeuka kunitazama.

Mkono huohuo ndio unaovuta droba, yale mapau tisa ya kuchanganya sauti, kila moja likiwa na alama hadi 8. Anza na matatu ya kwanza yakiwa yamevutwa mpaka mwisho, mengine yote yakiwa ndani. Ukiwasha pakashen, ule mdundo mfupi mwanzoni mwa noti, kumbuka kwamba kwenye Hammond hausikiki tena mpaka uwe umeachia vibonye vyote. Ukiunganisha noti, mdundo huo unalia mara moja tu. Ukizitenganisha, mdundo unalia kila mara. Wapigaji wazuri wanautumia kama koma katika sentensi. Na usisubiri kupata B-3: Booker T. Jones alirekodi "Green Onions" mwaka 1962 kwa M-3, Hammond ndogo iliyokusudiwa kuwekwa sebuleni.

Vox Continental ni hadithi fupi zaidi. Ni ogani ya transista, nyepesi kubeba, sauti yake nyembamba na yenye makali. Ndiyo unayoisikia kwa Alan Price kwenye "The House of the Rising Sun" ya The Animals, 1964. Hapa zima kabisa ile athari ya spika inayozunguka, na usijaze kodi nene upande wa chini. Ray Manzarek wa The Doors aliachia noti nzito kinanda kingine kidogo cha besi, akikipiga kwa mkono wa kushoto, ili Vox ibaki juu.

Ukihamia piano za umeme, rudisha usikivu wa vidole haraka. Wurlitzer, ile ya Ray Charles kwenye "What'd I Say" ya 1959, ina nyundo zinazogonga vijiulimi vya chuma. Ukigonga taratibu, sauti ni laini. Ukizidisha, inakwaruza kama koo la mwimbaji. Tafuta mpaka huo kwa vidole vyako kabla ya kugusa kitufe chochote cha kukwaruzisha sauti.

Clavinet ndiyo iliyonipa kazi ngumu kuliko zote. Ni nyuzi halisi, na ukiachia kibonye uzi unazimwa papo hapo. Sikuweza kuipata "Superstition" mpaka nilipoacha kuifikiria kama kinanda. Stevie Wonder alipiga pia ngoma za wimbo ule, na inasikika: baadhi ya noti za clavinet zimeguswa kidogo tu, kama fimbo inayoparaza ngozi ya ngoma. Fanya mazoezi ya mdundo kwanza juu ya meza, mikono miwili, bila kinanda.

Kama mnapiga "Strawberry Fields Forever" ya The Beatles, zile filimbi za mwanzo ni Mellotron, ambayo kila kibonye chake huvuta kipande cha utepe uliorekodiwa, cha sekunde nane hivi. Programu ya leo itakuruhusu kushikilia kodi dakika nzima. Achia kabla ya sekunde ya nane, kisha bonyeza upya.