Kwa ninyi mnaoanza kujitolea Mbeya bila mwavuli wa dini

Swali la kwanza mtakaloulizwa mkifika mtaani na majembe mkononi ni hili: "Ninyi mnasali wapi?" Iwe Ilomba, Uyole au Mbalizi, swali ni hilohilo, na anayeuliza kwa kawaida hana ubaya. Anataka tu kujua awaweke fungu gani. Katika nyanda hizi mtu akileta msaada huwa ametumwa na Walutheri, Wakatoliki, Wapentekoste, msikiti, au Wamoravian, ambao wapo Rungwe tangu 1891. Shule na hospitali nyingi tunazozitegemea zilianzia misheni. Kikundi kisichotumwa na yeyote kati ya hao ni kitu kigeni, na msipojieleza watu watawaeleza wenyewe. Mara nyingi neno wanaloanza nalo ni Frimasoni.

Kwa hiyo jibu mapema, kwa ufupi, kisha shika jembe. "Mama, mimi sina dini. Tumekuja kwa sababu mtaro huu ukiziba, watoto wa hapa wanaugua." Inatosha. Usijifiche nyuma ya majibu ya kuzungukazunguka, kwa sababu siku ukweli ukijulikana kila jema mlilofanya litaonekana lilikuwa chambo. Wala usiligeuze jibu kuwa mdahalo wa kama Mungu yupo au hayupo. Kuna jambo hapa naomba wageni mlishike sana: mtu aliyepokea unga wako, au ambaye mama yake umemsukumia kiti cha magurudumu, hayuko huru kukubishia. Kumhubiria wakati huo, hata kama unahubiri kutokuamini, ni kumwonea. Anayependa mjadala mkutane siku nyingine, kila mtu akijilipia chai yake.

Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini. Ifahamuni, iwape utulivu moyoni, lakini msiende kuisoma kwa sauti ofisi ya mtaa. Pale mlango unafunguliwa na adabu. Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji kabla ya kugusa chochote, semeni ni akina nani, mnatoka wapi, mnataka kufanya nini na kwa muda gani. Mkitaka kikundi kitambulike rasmi, anzeni na afisa maendeleo ya jamii wa kata. Atawaelekeza mpaka halmashauri. Mkienda Iringa au Njombe, salamu ya "kamwene" itawasogeza mbele kuliko barua yenye mhuri, ingawa barua nayo mchukue.

Sasa kazi zenyewe. Ushauri wangu ni kwamba miezi ya mwanzo msianzishe kitu chenu. Tafuteni mahali ambapo watu tayari wanafanya kazi na mikono haitoshi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi nchi nzima, na hapo ndipo pa kuonekana kwanza, bila fulana wala bango. Wasabato hawatakuwepo kwa sababu ni siku yao ya ibada, na majirani wengine wako sokoni Mwanjelwa wakitafuta riziki. Wewe fika, fagia, zoa, ongea na watu.

Jambo hilo la Wasabato ndilo lililonifundisha mahali pa kikundi kama chetu. Kila jumuiya ina saa zake ambazo haiwezi kuzitoa: Ijumaa adhuhuri, Jumamosi, Jumapili asubuhi, Krismasi, Pasaka, Idi. Saa hizo sisi tunazo. Wodini, Jumapili asubuhi, kuna mgonjwa aliyeletwa kutoka Chunya au Kyela ambaye ndugu zake hawajafika. Anahitaji mtu wa kumchotea maji, wa kumpelekea karatasi ya dawa, wa kumpigia simu nyumbani. Kuna bibi aliyeachwa peke yake kwa sababu familia nzima iko kanisani mpaka saa nane. Ukimwambia mzee wa kanisa, "Jumapili tutakaa sisi na bibi, ninyi nendeni mkasali," umempa kitu ambacho hakuna mwingine aliyewahi kumpa, na neno Frimasoni linaanza kufa lenyewe. Sioni namna bora ya kutumia kutokwenda ibadani kwetu kuliko kuwawezesha wengine waende.

Hospitalini mtakutana na jambo gumu zaidi. Mgonjwa atakushika mkono na kukuambia, "Mwanangu, niombee." Usimwambie kuwa huombi halafu ukanyamaza, na usijifanye mchungaji. Kaa. Muulize anasali wapi, anamtaka nani. Chukua simu, mtafute mchungaji wake, katekista au shehe, hata kama itakubidi upige mara nyingi. Akifika, mwachie kiti chako, simama nje ya pazia. Nimewaona vijana wazuri wakishindwa hapa kwa sababu walidhani kumwita mchungaji ni kusaliti msimamo wao. Msimamo wetu, tangu wanautu, yaani watu wanaojali utu bila kutegemea dini, wa nchi mbalimbali walipoandika Azimio la Amsterdam mwaka 1952, ni kumheshimu mtu, na mtu huyu amesema anachohitaji.

Damu ni kazi nyingine inayotufaa. Kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Nyanda za Juu Kusini kiko hapahapa Mbeya. Wachangiaji wengi nchini ni wanafunzi, kwa hiyo shule zikifungwa akiba hupungua, wakati ajali za barabara kuu ya Tunduma na akina mama wanaotoka damu wakati wa kujifungua havijui likizo. Mwenye umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50 na afya njema anaweza kuchangia. Mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Kikundi kipange kalenda yake kwa kufuata likizo za shule: nusu ya wanachama wachangie Juni, nusu Desemba. Kunyweni maji na kula kabla ya kwenda. Na asiyeruhusiwa kuchangia, kwa sababu yoyote ile, asiulizwe sababu na wenzake.

Kuhusu lishe nitasema kirefu kidogo, kwa kuwa ndipo wageni hupotea. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto chini ya miaka mitano waliodumaa Iringa ni karibu asilimia 57, na Njombe karibu asilimia 50, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Na hii ndiyo mikoa inayolisha wengine! Mgeni akisikia hivyo hufikiri akina mama hawajui kupika, anakuja na somo. Tazama kwanza siku ya mama wa kijijini. Anaamka usiku, yuko shambani mpaka jua liko utosini, mtoto amebaki na dada yake wa miaka minane na uji wa mahindi uliopoa. Mayai yameuzwa, maharage yameuzwa, parachichi limepanda lori, kwa sababu ada na mbolea vinadai. Somo la makundi ya vyakula alishalipata kliniki. Kinachomkosesha ni muda, fedha na mtu wa kumpokea mzigo.

Basi muulizeni mhudumu wa afya ngazi ya jamii anahitaji nini siku ya afya na lishe ya kijiji. Atawaambia: watu wa kubeba mizani, wa kuandika majina, wa kupita kaya za mbali kumkumbusha mama ambaye hakuja. Ni kazi isiyo na picha nzuri, na picha msipige kabisa. Mtoto aliyedumaa ana jina na ataanza shule hapo kijijini. Uso wake usitumike kuombea michango.

Kuna siku mtaa utachafuka kwa ramli chonganishi. Mtoto amefariki, au ng'ombe wamekufa, na mganga ametaja jina la ajuza fulani. Huo si wakati wa kueleza kuwa uchawi haupo, hata kama una hoja zote. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928 na inakataza kumtaja mtu kuwa mchawi. Mwenyekiti analijua hilo, mkumbusheni faraghani. Kazi yenu ni usalama wa yule mama: awe na watu wawili watatu nyumbani kwake, taarifa ifike polisi mapema, na mchungaji au shehe anayeheshimika mtaani aende kukaa naye mbele ya macho ya watu. Neno lake litasikika kuliko lenu. Hapo mtaona faida ya kuwa mmeshakaa na wagonjwa wake Jumapili. Maelezo ya kwa nini mtoto alifariki, malaria au nimonia, yaacheni kwa daktari, na yasemwe baada ya msiba kupoa.

Fedha sitasema mengi: watia saini watatu, daftari moja, na kila baada ya miezi mitatu lisomwe ofisi ya mtaa mbele ya yeyote anayetaka kusikia. Mtaulizwa mfadhili ni nani. Kama ni michango yenu ya shilingi elfu mbili mbili, semeni hivyo na muonyeshe.

Kikao chochote kitafunguliwa kwa sala. Simama na wenzako, tulia, nyamaza. Ukiombwa uongoze, sema, "Naomba mwenzangu atuongoze," na hakuna atakayeumia.

Msibani ndiko mtakakopimwa. Huku kwetu mtu asiyezika wenzake hana jirani, awe na dini au asiwe nayo. Nendeni na rambirambi, kuni, sufuria. Vijana wachimbe kaburi, wengine wawe jikoni tangu alfajiri. Wimbo usioujua usiuimbe kwa kuigiza, ila usiondoke unapoanza. Kikundi kikipewa nafasi ya kusema, msemaji awe mmoja. Amtaje marehemu kwa jina lake, aseme lililo kweli kuhusu alivyoishi na majirani, awape pole wafiwa na kurudisha kipaza sauti. Asiseme marehemu yuko mbinguni, wala asiseme hayuko. Na siku ya kuanua tanga, vyombo vya kuazima vinaporudishwa kwa wenyewe, kikundi kiwe na watu wa kuviosha na kuvibeba.