Kwangu tatizo halikuwa samaki mbichi, lilikuwa wali

Mkuu, umesema ulikula sushi mara moja tu, ukaona kama unatafuna kiporo cha wali kilichowekewa samaki wa baridi juu, na sasa unatuuliza sisi tunaoisifia huwa tunaona nini. Nakujibu kama mtu aliyewahi kusema maneno hayohayo. Siku yangu ya kwanza nilijikaza vipande vitatu, cha nne nikakizungushia tishu nikakitia mfukoni ili mwenyeji wangu asijisikie vibaya. Nilikisahau humo hadi kesho yake. Tuyaache hayo.

Hukukosea lakini. Inawezekana kabisa ulichokula kilikuwa kiporo, au wali uliotoka kwenye friji. Wali ukilala kwenye friji wanga wake hujikaza upya, punje zinakuwa kavu na ngumu, zinasambaratika mdomoni, na siki iliyotiwa kwenye wali inabaki kukuchoma peke yake. Visanduku vya sushi vinavyouzwa vikiwa tayari kwenye majokofu vina ugonjwa huo karibu vyote, na muuzaji hana ujanja: samaki anataka baridi, wali unaichukia, na wote wawili wamo kwenye sanduku moja. Sushi inayoeleweka hutengenezwa ukiwa umeshakaa, wali una vuguvugu kama la kiganja, samaki ana ubaridi kidogo tu, na unaila hapohapo bila kuisubirisha.

Hili la wali ndilo lililonibadilisha, kwa sababu mimi nilikwenda nikiamini sushi maana yake ni samaki mbichi. Sivyo. Samaki mbichi mtupu, aliyekatwa vipande bila wali, ni sashimi. Sushi ni habari ya wali uliotiwa siki ya mchele, sukari na chumvi. Juu yake unaweza kuweka yai, tango au uyoga na bado ikaitwa sushi. Mwanzoni ilikuwa njia ya kuhifadhi samaki: anashindiliwa na chumvi na wali, anaachwa achachuke kwa miezi mingi, kisha analiwa yeye na wali unatupwa. Kandokando ya Ziwa Biwa kule Japani bado wanatengeneza ya namna hiyo, wanaiita funazushi. Sijaionja, na kwa jinsi harufu yake inavyosimuliwa, sina haraka.

Hii tunayoijua sisi, tonge la wali lenye kipande cha samaki juu, inaitwa nigiri. Ilishika kasi Edo, yaani Tokyo ya leo, kwenye miaka ya 1820, na sifa hupewa mpishi mmoja aitwaye Hanaya Yohei. Kilikuwa chakula cha kibandani, cha mtu mwenye haraka, na matonge yalikuwa makubwa kuliko ya sasa. Kwa hiyo usitishwe na wanaokutazama kwa jicho la pembeni ukila kwa vidole. Nigiri kwa mkono ni ruksa kabisa, hata kwa Wajapani wenyewe.

Aliyenirudisha mezani ni shemeji yangu, mtu wa utani sana. Alinikalisha kaunta, mbele ya mpishi, akaniambia nisishike menyu, yeye ataagiza. Cha kwanza kikaja tamago, kimanda kitamu kilichokunjwa tabaka juu ya tabaka. Kisha kamba aliyechemshwa. Kisha unagi, yule mkunga wa maji baridi, kaokwa na kupakwa mchuzi mzito mtamu. Nilikuwa nimeshakula vipande sita, nafurahia, ndipo shemeji akaniuliza, "Sasa hicho kibichi ulichokuwa unakiogopa kiko wapi?" Kweli, sikuwa nimegusa kitu kibichi hata kimoja. Unagi ndiyo kabisa huwezi kumkuta mbichi kirahisi, kwa sababu damu yake ikiwa mbichi ina sumu. Moto ndio unaoiondoa.

Nikavimba kichwa. Nikachukua nigiri ya jodari, nikaizamisha upande wa wali kwenye sosi ya soya. Tonge likanywa sosi, likafumuka, punje zikaogelea kwenye kisahani na samaki akabaki ananing'inia kwenye vijiti. "Shemeji, umeamua kutupikia supu?" akanitania yeye. Mpishi alijifanya hajaona. Tangu siku hiyo nageuza tonge, nachovya ncha ya samaki tu, basi. Wali una chumvi yake tayari, na ukiulowesha umeua kazi yote ya mpishi.

Sasa ladha zangu, ambazo najua wengine mtazipinga. Samoni kwangu anasifiwa kupita kiasi. Ni laini, ana mafuta, hana ubishi, ndiyo maana kila anayeanza anampenda, lakini vipande viwili vikishapita vinavyofuata ni vilevile. Halafu nacheka nikisikia mtu anasema samoni ndiyo sushi "ya asili". Wajapani walikuwa hawamli mbichi, kwa sababu samoni wa bahari yao alikuwa na minyoo. Ni Wanorwe waliohangaika kuanzia katikati ya miaka ya 1980 kuwashawishi wamkubali samoni wao wa kufugwa. Ilikuwa biashara, na walifanikiwa.

Jodari nampenda pale kwenye mnofu mwekundu, akami. Otoro, lile tumbo lenye mafuta ambalo ndilo ghali, kipande kimoja kinanitosha; cha pili nahisi nimelamba siagi. Zamani huko Edo sehemu hiyo ilidharauliwa kwa sababu mafuta yake yaliharibika upesi. Barafu na mafriza vilipokuja, mdharauliwa akawa mfalme.

Anayeniondoa akili ni saba, samaki wa ukoo wa vibua. Anakandwa na chumvi kwanza, kisha analazwa kwenye siki hadi ngozi inang'aa kama fedha na nyama inabadilika rangi kwa nje. Ana harufu ya bahari hasa, ana ukali, na ile siki yake inaitikia siki ya wali. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kipande kizima kimepangwa, wala si samaki aliyebandikwa juu ya wali. Shemeji hampendi hata kidogo, anasema ananuka. Tumeshabishana miaka.

Uni, ile kitu ya njano inayotolewa ndani ya mnyama wa baharini mwenye miiba, nimeijaribu mara tatu. Mbili za kwanza ilikuwa chungu, nikaapa. Ya tatu ilikuwa freshi kweli, imetoka kwenye gamba muda uleule, tamu kama krimu yenye chumvi. Kumbe nyingi huwekwa shabu, ile ya kusafishia maji, ili isiyeyuke safarini, na shabu ikizidi ndiyo huleta uchungu.

Wasabi, kile kikolezo kikali cha kijani, nitaipitia haraka: mara nyingi unayopewa si wasabi, ni mzizi mwingine mkali uliosagwa na haradali na kutiwa rangi ya kijani. Ya kweli husagwa mbele yako na ladha yake hupotea ndani ya dakika chache. Inapanda puani kistaarabu na kushuka.

Nyumbani nimejaribu, na mara ya kwanza ilikuwa aibu. Nilitumia mchele wa punje ndefu, ule wa kuchambuka. Nikakunja kwenye kijamvi cha mianzi, nikakata, kila kipande kikafunguka kikamwaga matumbo mezani. Unahitaji mchele wa punje fupi, unaonata. Uoshe hadi maji yawe karibu maangavu, upike, siki uitie wali ungali wa moto, na uukate kwa mwiko badala ya kuukoroga, huku mtu anapepea. Kisu kiloweshe kila unapokata. Na ule mwani mkavu, nori, ukishakunja kula mara moja. Ukichelewa unageuka mpira. (Kilimo cha mwani huo Japani kinadaiwa sana na mwanamke Mwingereza, Kathleen Drew-Baker, aliyegundua mwaka 1949 mahali mbegu zake zinapojificha: ndani ya makombe ya chaza na wenzake. Wavuvi wa kule wamemjengea mnara.)

Samaki mbichi nyumbani sithubutu. Kuna mnyoo anaitwa anisakis ambaye hafi kwa siki, wala kwa sosi, wala kwa wasabi, watu wasikudanganye. Hufa kwa moto au kwa kugandishwa; mwongozo wa Marekani ni nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, na friza nyingi za nyumbani hazifiki huko au hazitulii hapo. Kwa hiyo mimi hukunja tango, parachichi, kimanda na kamba wa kuchemsha, kibichi nakifuata kwa wenye kazi yao. Mwenye mimba au mwenye kinga dhaifu asijaribu kibichi hata huko. Na kisanduku ukikiacha ndani ya gari mchana kutwa, kitupe. Mimi sikukitupa, na usiku ule niliujua msalani.

Kwa hiyo mkuu, rudi tena, lakini kaa kaunta na uone wali unatoka wapi. Ukiona unatoka kwenye friji, agiza supu ya miso tu uondoke. Ukiwa wa vuguvugu, anza na tamago, uende unagi, ndipo akami. Ile tangawizi ya pinki usiiweke juu ya samaki. Ni ya kusafisha ulimi kati ya kipande na kipande. Saba mwache wa mwisho, ukishakula leta mrejesho, maana nahitaji mtu wa kunisaidia dhidi ya shemeji.