Wakikuuliza "Sasa Hiyo Inakusaidia Nini?"

Aprili 2024 niliandika neno moja kwenye kundi letu la marafiki: "Kimejibu!" Nikasubiri shangwe. Mmoja akauliza ni nani kajibu. Mwingine, mwenye moyo mwema sana, akadhani kuna ndugu yangu aliyepotea amepatikana, akaanza kumshukuru Mungu kwa niaba yangu.

Kilichojibu ni Voyager 1, chombo cha anga kilichorushwa kutoka Marekani tarehe 5 Septemba 1977. Marafiki hao hatujawahi kuonana ana kwa ana, ila wanajua kazi yangu na wanajua nikiumwa. Hili tu hawakulijua. Kwa miezi mitano nilikuwa nikiamka alfajiri kutafuta habari za chombo hicho kabla hata ya kunawa uso, na sikumwambia mtu.

Basi nikamwaga yote kwa mpigo. Kwamba kiko umbali wa kilomita zaidi ya bilioni 24. Kwamba transimita yake, kile kifaa cha kurushia mawimbi ya redio, ina nguvu ya wati 23 hivi, sawa na balbu ndogo. Kwamba kilipita karibu na Mshtarii mwaka 1979, na Zohali mwaka 1980, na mwaka 2012 kikavuka mpaka wa upepo wa Jua. Ujumbe juu ya ujumbe. Kimya. Kisha mtu akaandika "Sawa." Kisha likaja lile swali: "Sasa hiyo inakusaidia nini?"

Niliumia, nikaiweka simu pembeni. Siku mbili baadaye nikalisoma tena swali lile na nikaona dharau niliyoisoma mle niliitia mwenyewe. Maandishi hayana uso. Mtu angeniuliza hivyo tukiwa tumekaa pamoja, ningemwona amekunja kipaji akitafuta kuelewa, na nisingekasirika hata kidogo. Ndiyo maana nakushauri usijibu swali hilo ukiwa bado na uchungu. Na ukijibu, tumia sauti yako kama unaweza. Huwezi kuficha upendo ukiwa unaongea.

Nilirekodi sauti ya dakika mbili. Safari hii sikutaja bilioni yoyote. Niliwasimulia kwamba Novemba 2023, wakati Voyager 1 ilipoanza kutuma data zisizo na maana, nilikuwa namuuguza baba yangu aliyepatwa na kiharusi. Alikuwa anaongea, lakini maneno hayakueleweka. Chombo kile nacho ishara yake ilikuwa inafika kila siku, ila haisomeki. Na wahandisi hawakusema basi. Waligundua chipu moja ya kumbukumbu ya kompyuta yake imekufa, na hakuna fundi wa kwenda kuibadilisha kule. Wakaigawa programu iliyokuwa humo vipande vipande, wakavipachika kwenye nafasi nyingine ndani ya kumbukumbu ileile, kwa kuwa hapakuwa na sehemu moja ya kuitosha yote. Amri ilichukua saa 22 na nusu kufika, na jibu muda kama huo kurudi. Tarehe 20 Aprili jibu likaja, na likasomeka. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda cha baba, nikalia.

Nikamaliza hapo. Aliyeuliza inanisaidia nini ndiye aliyejibu wa kwanza. Akasema, "Kumbe ulikuwa unasubiri wawili."

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza afanyeje ili wenzake wamwelewe, namwambia aanze pale aliponaswa. Kila mwenye mapenzi ya namna hii ana siku yake na saa yake, hata kama ni mapenzi ya kufunga mafundo ya kamba au ya kusikiliza ndege. Takwimu ni tamu kwako kwa sababu wewe tayari umeshapenda. Kwa mgeni ni mzigo, mpe atakapoomba. Sema jambo moja, kisha unyamaze umpe nafasi ya kuuliza.

Halafu waulize na wao. Mimi sikuwahi kuuliza, na hilo linanisikitisha hadi leo. Baada ya sauti ile, rafiki mmoja alikiri kwamba kwa miaka mingi amekuwa akirekodi sauti za mvua, na anazo nyingi mno. Tulikuwa tumefahamiana muda wote huo.

Wapo watakaobaki hawaelewi. Waache, usiwapime urafiki kwa hilo. Lakini rafiki akikuuliza kama unalala vizuri, usidhani anakipinga kitu chako. Mimi niliulizwa hivyo, na kweli nilikuwa silali. Nikaacha kukagua habari usiku.

Baba sasa anatamka majina yetu. Juzi yule rafiki wa "inakusaidia nini" aliniandikia, "Wazee wako wote wawili hawajambo?" Nikamweleza kuhusu baba. Kisha nikamwambia kwamba umeme wa chombo unapungua kwa wati nne hivi kila mwaka, hivyo wanakizimia vifaa kimoja kimoja ili kiendelee kuongea.

Akauliza vimebaki vipi.